Masaki na Oysterbay: wapi mtu anaweza kula samaki mbele ya bahari na akaridhika na alicholipa?

#1 Mtoto wa Tabora

Wakuu, salaam. Wazazi wangu wanakuja Dar es Salaam mwezi ujao, na kwa mara ya kwanza nina uwezo wa kuwatoa kwa chakula cha jioni mahali ambapo bahari inaonekana kutoka mezani. Baba anapenda samaki kuliko nyama, na kwa miaka mingi amekula migebuka na dagaa wa Kigoma wanaofika kwa treni, kwa hiyo natamani aonje samaki wa bahari aliyepikwa vizuri. Mama hapendi kukaa karibu na watu wanaokunywa pombe, na magoti yake hayastahimili ngazi nyingi.

Nimezunguka Masaki na Oysterbay nikitafuta mahali panapofaa, na sasa nina dai ambalo naliweka hapa mlipinge. Rasi yote ya Msasani, ambako Masaki na Oysterbay ziko, imezungukwa na maji pande tatu, lakini kadiri meza inavyosogea karibu na maji ndivyo samaki anavyokuwa ghali zaidi na ladha yake kupungua. Katika mgahawa mmoja unaotazama bahari nililetewa changu mzima aliyekauka hadi mifupa, akiwa amefunikwa kwa mchuzi mzito wa maziwa ambao sikuuomba. Wiki hiyohiyo, Namanga ya hapahapa Dar, mbali na upepo wa bahari, nilikula samaki wa kupaka ambaye nazi yake ilikuwa imekamuliwa asubuhi ileile, kwa bei ambayo haikunipa mawazo nilipotoa pochi.

Naomba mambo mawili: mnielekeze mahali, na mnieleze kwa nini hali iko hivyo. Nawasilisha.

#2 Mkazi wa Chole

Mleta mada, karibu sana, lakini dai lako nalipinga. Umehukumu ufuko wote kwa changu mmoja.

Kwanza uielewe rasi yenyewe. Upande wa mashariki, kwenye Toure Drive, unatazama bahari kuu. Upande wa magharibi unatazama Ghuba ya Msasani, ambako maji ni matulivu zaidi na ambako mashua na ngalawa hutia nanga. Slipway, eneo la maduka na migahawa, iko upande huo wa ghuba, mahali palipokuwa karakana ya boti zamani, na ndiyo maana watu huenda pale jioni: jua huzama mbele yako. Kwenye ncha ya kaskazini kuna Hoteli ya Sea Cliff na mgahawa wake wa Karambezi, unaokaa juu ya jabali huku mawimbi yakipiga chini yake. Hapa katikati kuna mitaa ya ndani, Chole na Haile Selassie, yenye migahawa ya kila taifa ambayo haioni maji hata kidogo.

Ushauri wangu ni kwamba kwa wazazi, chagua mandhari kwanza, halafu uagize chakula kilicho rahisi. Samaki mzima wa kuchoma, wali wa nazi na kachumbari. Jikoni likishindwa kupika hivyo, kosa ni la jikoni na wala si la ufuko.

#3 Pwani Daima

Naungana na #2 kuhusu mandhari, lakini kwa nini uende kulipia machweo ya jua Slipway wakati Coco Beach yapo bure? Wachukue wazee, waketi pale Coco, wapate mihogo ya kukaanga na mishikaki, jua likizama mbele yao. Hakuna haja ya mgahawa.

#4 Mjukuu wa Mvuvi

Ndugu #3, Coco inatazama mashariki. Ukikaa pale jioni ukitazama maji, jua linazama nyuma yako, juu ya nyumba za Oysterbay. Kinachoonekana Coco ni mwezi: usiku wa mwezi mpevu huchomoza kutoka baharini mnamo wakati uleule jua linapozama, na hilo nalo ni jambo la kumwonyesha mzee kutoka bara. Kwa machweo ni lazima uende upande wa ghuba, na uwe umeketi kabla ya saa kumi na mbili na robo, kwa kuwa hapa Dar jua huzama kati ya muda huo na saa moja kasoro dakika kumi, kulingana na mwezi wa mwaka.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa migahawani hawalisemi. Bahari unayolipia haikai mahali pamoja. Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa mnamo saa kumi alasiri, kisha huanza kutoka, na ifikapo saa nne usiku yamekupwa kabisa. Mwenye kuketi saa kumi na mbili anayaona yakiwa bado mazuri. Siku za maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka, maji hupwa alasiri, na katika sehemu zenye kina kifupi wageni hukaribishwa na tope na mawe. Anayewaleta wazazi mara moja tu katika maisha yao aitazame kalenda ya mwezi kabla ya kuitazama orodha ya vyakula.

Sasa nije kwenye swali la kwa nini. Babu yangu alivua Msasani kabla wengi wa wachangiaji hapa hawajazaliwa, na nilikua nikiona samaki wakishuka. Bahari haitoi kitu kilekile kila siku. Pweza hupatikana kwa wingi siku za bamvua, maji yanapotoka mbali na watu wakatembea miambani kwa miguu. Dagaa na vibua huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mwezi ukiwa mkubwa hupungua sokoni. Kusi, yaani upepo wa kusini, ikivuma kwa nguvu, Juni hadi Agosti, vyombo vidogo haviendi mbali, na changu na chewa wa maji ya kina hupanda bei. Mgahawa wenye orodha iliyochapishwa kwenye karatasi ngumu, wenye pweza, kamba, ngisi na chewa siku zote 365, unawezaje kuwa na samaki wa leo? Hauwezi. Una samaki wa jokofu, na hiyo ndiyo sababu ya changu mkavu wa mleta mada.

#5 Mpishi Mstaafu

Nimesoma kwa makini. Mjukuu wa Mvuvi amesema kweli kuhusu bahari, lakini jokofu amelisingizia. Nimefanya kazi katika majiko ya hoteli za ufukweni kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na naomba niseme kama mtu aliyeshika kisu.

Samaki aliyegandishwa haraka, siku aliyovuliwa, akayeyushwa polepole usiku kucha ndani ya friji ya ubaridi wa kawaida, ni chakula kizuri, na mara nyingi anamshinda yule anayeitwa wa leo huku akiwa amelala juani tangu alfajiri bila barafu. Kinachoharibu samaki ni kuyeyushwa kwa maji ya moto kwa sababu mteja ameshaketi na mhudumu anaharakisha. Nyama hupoteza maji yake yote, na ukiipeleka kwenye moto inakuwa kama pamba. Kisha mpishi anaona aibu kuipeleka mezani ikiwa hivyo, anaifunika kwa mchuzi wa maziwa. Mleta mada, mchuzi ule ulioletewa bila kuuomba ulikuwa na kazi yake.

Kwa hiyo sababu ninayoiona mimi ni mafunzo na haraka. Vijana wengi wanaoingia jikoni sasa wamefundishwa michuzi ya kigeni kabla ya kufundishwa kumjua samaki. Ukimpa changu mzima na makaa, hajui kwamba anapaswa kumchanja mpaka karibu na mfupa, kumpaka ndimu, chumvi na kitunguu saumu nusu saa kabla, na kumgeuza mara moja tu.

Ukifika mezani, usione haya. Omba uonyeshwe samaki kabla hajapikwa. Macho yawe yamejaa na yanang'aa, mashavu yawe mekundu, ukimbonyeza nyama irudi, na harufu iwe ya bahari. Mahali wanapokataa kukuonyesha, agiza kuku.

#6 Hesabu Kamili

Mzee Mpishi Mstaafu, shikamoo. Huo ushauri wa kuomba kumwona samaki nitautumia.

Mimi ni mtu wa mahesabu, na naona sababu zote zilizotajwa zinaeleza ladha, lakini hazielezi bei. Bei inaelezwa na vitu vitatu: pango, umeme na kodi. Kiwanja kinachogusa maji Masaki ni miongoni mwa ardhi ghali kuliko zote nchini. Kwa miaka mingi pango la maeneo yale lilikuwa likitajwa kwa dola, kwa hiyo shilingi ikishuka, samaki aliyevuliwa hapahapa Msasani na mvuvi anayelipwa kwa shilingi alipanda bei. Tangu kanuni za Machi 2025 zilizopiga marufuku kutangaza na kulipa bei za ndani kwa fedha za kigeni, mikataba inapaswa kuwa kwa shilingi, ila sijaona orodha ya vyakula iliyoshuka.

Kwa mleta mada, jihadhari na maandishi madogo yaliyo chini ya ukurasa. Tuchukue mfano wa sahani iliyoandikwa shilingi 40,000 mahali ambapo bei haijajumlisha kodi wala huduma. Ada ya huduma ya asilimia 10 inaifikisha 44,000. VAT ya asilimia 18 juu yake inaifikisha 51,920. Kwa watu watatu, tofauti kati ya ulichosoma na utakacholipa ni zaidi ya shilingi 35,000 kabla hamjanywa hata maji. Uliza kabla ya kuagiza kama bei zimejumlisha kila kitu, na ukilipa dai risiti ya mashine.

#7 Bin Tanga

Wakuu wa Dar, poleni na hesabu. Sisi kwetu mtu akitaka kula samaki mbele ya bahari haitaji karani.

Niulize tu, kwa nini mleta mada asipande boti ya asubuhi akawapeleka wazazi Unguja, wakala Forodhani jioni? Pale pana bahari, upepo, urojo, pweza wa kuchoma, na hakuna ngazi. Na kama ni lazima abaki bara, Tanga ipo.

#8 Mama Wawili

Bin Tanga, kila uzi wa chakula unaufikisha Tanga, na safari hii umepitia Unguja. Mwenzetu ameuliza Masaki, na wazazi wake watakuwa wamechoka na safari ya kutoka Tabora.

Nirudi kwenye magoti ya mama, maana naona wanaume wameyapita. Mimi nina watoto wadogo na mama mkwe mwenye tatizo hilohilo, kwa hiyo migahawa naijua kwa ngazi zake. Sehemu nyingi za upande wa ghuba zimejengwa kwa kushuka kuelekea maji: unaingia juu barabarani, na meza nzuri ziko chini. Kushuka si shida kubwa, ila kupanda baada ya kula ndiko kunakoumiza. Usikubali meza ya chini kabla hujaiona njia ya kwenda maliwatoni, kwa kuwa wakati mwingine maliwato yako juu, na mzee atapanda na kushuka zaidi ya mara moja. Slipway kwa sehemu kubwa ni tambarare, na ukikaa kwenye uwanda ulio karibu na maji utatembea polepole bila tabu. Mahali kwingine piga simu kabla, sema una mzee, uliza kuhusu ngazi na viti vyenye mgongo. Viti virefu visivyo na mgongo vimekuwa mtindo, na mtu wa miaka sabini hawezi kukaa juu yake saa nzima.

Kuhusu pombe, migahawa mingi ya ufukweni inauza, na sitamdanganya mtu. Kinachosaidia ni saa. Kati ya saa kumi na saa moja jioni, siku ya katikati ya wiki, meza huwa na familia na watu wanaokunywa juisi na kahawa. Muziki na vinywaji huchukua nafasi baadaye, na Ijumaa mambo huanza mapema zaidi. Mama yako anaweza kula kwa utulivu na kuondoka kabla ya hayo.

#9 Mkazi wa Chole

Dada #8 ameeleza vizuri kuliko nilivyoeleza mimi. Niongeze kwamba kusi ikivuma, meza za Toure Drive hupigwa na upepo kiasi kwamba wali huruka kwenye sahani, ilhali upande wa ghuba unakingwa na rasi yenyewe.

#10 Mjukuu wa Mvuvi

Ni kweli kwa kusi. Kwa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, usitegemee kinga hiyo sana, maana mdomo wa ghuba uko wazi upande wa kaskazini na upepo huingia moja kwa moja. Mleta mada hajasema mwezi ujao ni mwezi gani kwa hesabu ya pepo, ila akichungulia nje atajua.

Na nimjibu Mzee Mpishi kwa heshima zote. Sikulitukana jokofu. Nasema mteja anauziwa kitu cha jokofu kwa jina la samaki wa leo, na analipia jina hilo. Kama wangeandika ubaoni kila asubuhi kilichopatikana, leo tuna kolekole na ngisi, pweza hakuna, nani angelalamika? Pale Msasani kijijini, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kwenye baadhi ya migahawa hiyo, vyombo hushusha samaki alfajiri. Lakini jiko la hoteli linataka mzabuni mmoja, ankara moja na uzito uleule kila wiki, na mvuvi mwenye ngalawa hawezi kuwapa vitu hivyo. Samaki wa Msasani hupelekwa mnadani kwenye soko la samaki la Feri, hupita mikononi mwa madalali, na baadhi yao hurudi Msasani wakiwa wamelipiwa safari mbili za gari.

#11 Uzunguni ya Zamani

Naona wachangiaji wanatafuta sababu kwenye bahari na jikoni, nami naitafuta kwenye ramani. Oysterbay ilipangwa wakati wa Waingereza kuwa makazi ya Wazungu. Wahindi walikuwa na maeneo yao katikati ya mji, na Waafrika wakapangiwa Kariakoo na Ilala. Viwanja vilikuwa vikubwa, barabara pana, na shughuli za biashara hazikutakiwa karibu na nyumba. Baada ya Uhuru nyumba hizo zilikaliwa na wakubwa wa serikali na mabalozi, na mashirika ya kimataifa yakafuata. Mwalimu mwenyewe alikuwa na nyumba yake Msasani.

Matokeo yake ni kwamba kwa miongo mingi hapakuwa na sababu ya mama lishe kufungua kibanda Masaki, kwa sababu waliokula kwa mama lishe hawakulala Masaki. Walikuja asubuhi kufanya kazi na jioni wakaondoka. Migahawa ilipoanza kufunguliwa, ilifunguliwa kwa mteja mgeni anayekaa miaka miwili au mitatu kisha kuhamishwa. Mteja wa namna hiyo hana samaki wa mama yake wa kumlinganisha na yule aliye mezani. Anataka kitu anachokijua kutoka alikotoka, na amepewa. Ndiyo maana ukitaka piza, chakula cha Kilebanoni au cha Kijapani kwenye rasi ile utakula vizuri sana, na hata Cape Town Fish Market iliyojengwa juu ya maji ya ghuba ni jina la mgahawa wa Afrika Kusini. Samaki wa kupaka, chakula cha pwani hii hasa, ni wa kutafuta kwa tochi.

#12 Hesabu Kamili

Hoja ya #11 ni nzuri, ila ina tundu. Watanzania wenye uwezo wamejaa katika migahawa hiyo kwa miaka mingi sasa, na Jumapili mchana huoni mgeni hata mmoja kwenye baadhi ya meza. Kama tatizo ni mteja asiyejua samaki, mbona wateja wanaojua wamekuja na samaki hajabadilika? Mimi nabaki na pango.

#13 Uzunguni ya Zamani

Kwa sababu Mtanzania mwenye uwezo haendi Masaki kula chakula cha nyumbani. Chakula cha nyumbani anacho nyumbani. Anakwenda kukaa mahali ambapo zamani asingekaa, na hilo nalo halali yake.

#14 Dereva wa Usiku

Wakuu, mimi ninaendesha teksi, na kila usiku nashusha watu kwenye milango ya mahali mnapopataja. Naomba kuchangia kwa upande wa barabara, kwa kuwa chakula kizuri kinaweza kuharibiwa na njia.

Tangu Daraja la Tanzanite lifunguliwe mwaka 2022, mtu anayetoka mjini haitaji tena kupita Selander. Anapita juu ya bahari kutoka upande wa Hospitali ya Aga Khan na kutokea Oysterbay karibu na Coco. Daraja lina urefu wa zaidi kidogo ya kilomita moja, na jioni wageni wengi huniomba nipunguze mwendo ili watazame maji. Mleta mada, kama wazazi watafikia mjini au Upanga, wapitishe hapo, hiyo peke yake ni zawadi. Lakini daraja limewafungulia njia watu wote, na sasa Ijumaa jioni foleni hukutana nawe ukishaingia rasini. Barabara za ndani ya Masaki ni zilezile. Usiweke nafasi ya meza saa kumi na mbili na nusu ukaondoka nyumbani saa kumi na mbili.

Jambo la pili, kwa wale wanaobishana kuhusu samaki. Sisi madereva tunaosubiri wateja hatuli kule ndani. Tunakwenda Namanga au Msasani ndani ndani, ambako wahudumu na wapishi wa migahawa hiyohiyo nao huja kula wakimaliza zamu. Nimewauliza mara nyingi kwa nini hawali samaki wanaowapikia wageni. Wengine wanasema hawaruhusiwi. Mmoja aliniambia anapenda samaki aliyekaangwa mpaka pezi linavunjika kama biskuti, na huyo kwao hayupo kwenye orodha.

#15 Pwani Daima

Dereva wa Usiku, hapo umegusa. Tatizo la migahawa ile ni kwamba inaogopa mafuta na mifupa. Samaki anakuja kipande cheupe kisicho na kichwa, na anayejua samaki anajua kwamba utamu uko kichwani na kwenye mashavu.

Na Coco naendelea kuitetea, iwe inatazama mashariki au magharibi. Muhogo uliochemshwa kwanza ukakaangwa, ukapasuliwa ukatiwa pilipili, chumvi na kachumbari, unaliwa ukiwa wa moto na upepo ukikupiga, hauna mshindani kwenye rasi nzima. Jumapili ni umati, sitabisha, na wapo wanaouza pombe. Jumanne au Jumatano alasiri wazee watakaa kwa raha.

#16 Mama Wawili

Kwa mihogo ya Coco nakubali kabisa. Wapeleke kwanza Coco saa kumi, wale kidogo, kisha uzungukie upande wa ghuba kwa samaki na machweo. Ni mwendo mfupi kwa gari, na bahari wataiona pande zote mbili.

#17 Mtoto wa Tabora

Nashukuru sana wote. Mpango wa #16 umenivutia, na nitaiangalia kalenda ya mwezi kama Mjukuu wa Mvuvi alivyoshauri. Swali la mwisho: kuna aliyetaja kisiwa cha Bongoyo katika uzi mwingine, kwamba boti zinatoka Slipway na samaki wa kuchoma anapatikana huko. Je, inafaa kwa wazee?

#18 Mpishi Mstaafu

Samaki wa Bongoyo ni mzuri, kwa sababu hana pa kujificha: makaa, ndimu na chumvi. Kisiwa kimo ndani ya hifadhi ya bahari, kwa hiyo utalipa kiingilio mbali na nauli ya boti. Lakini kwa magoti ya mama sishauri. Kupanda na kushuka boti kunategemea maji, na mara nyingi utakanyaga majini kabla ya kufika mchangani.

Kuhusu hoja ya pango, niseme neno. Nimefanya kazi mahali palipolipa pango kubwa na samaki akawa mzuri, na mahali palipomiliki jengo lake na samaki akawa mbaya. Pango linapandisha bei ya sahani, ila halimkaushi changu.

#19 Hesabu Kamili

Mzee wangu, linamkausha. Mwenye pango kubwa anapunguza wapishi, wapishi wakipungua haraka inaongezeka, na haraka ndiyo uliyosema mwenyewe katika #5 kwamba inawafanya wayeyushe samaki kwa maji ya moto.

#20 Bin Tanga

Hapo karani amempata mpishi.

#21 Mjukuu wa Mvuvi

Hajampata, kwa kuwa wote wawili wanaanzia pale samaki alipokwisha kufika jikoni. Kamba kochi na pweza wakubwa hununuliwa na viwanda vinavyosafirisha nje, na hoteli za Unguja nazo zinavuta zao. Jiko la Masaki linapokea kilichobaki baada ya hao, hata likiwa na wapishi kumi. Mleta mada, ukitaka kulipima hili, usiulize kamba wala pweza. Uliza kama wana tasi, kolekole au kibua mkubwa, samaki ambao mnunuzi wa nje hawagombanii. Mhudumu akienda jikoni kuuliza, akarudi na kukuambia yupo mmoja ameingia asubuhi, mwambie akuletee umwone, na umwagize hata kama hayumo kwenye orodha.

#22 Dereva wa Usiku

Na ukimpata mahali hapo, rudi utuandikie, kwa sababu abiria wananiuliza swali hilihili kila wiki. Kama utahitaji gari lenye kiti cha mbele kisicho juu sana kwa ajili ya mama, sema hapa siku mbili kabla, kwani Ijumaa magari huadimika kuanzia saa kumi na moja.